Nyanya nyeusi na hoho za zambarau Mombasa: rangi inapotelea wapi?

*"Dada yangu anayeishi Uingereza alinitumia pakiti mbili za mbegu: nyanya za Indigo Rose, ambazo kwenye picha ni nyeusi tititi, na hoho za Purple Beauty. Nilizisia Novemba, na mwanzo wa Januari nikahamishia miche kwenye ndoo nyeusi za lita 20 juu ya paa la nyumba yetu Kisauni. Maua yalitoka mengi, na mengi yakaanguka. Kwa kuogopa jua nikafunika na neti nyeusi nzito. Nyanya chache zilizoshika zilikuwa za kijani, zikaishia rangi ya machungwa, na weusi kidogo tu mabegani. Tatu zilianza kuwa nyeusi kwa chini, nikafurahi, lakini weusi ule sasa umekauka kama ngozi ya kiatu. Hoho zilitoka zambarau safi, nikaziacha ziive, na sasa ni nyekundu kama hoho yoyote ya sokoni. Namwagilia kila jioni maji ya kisima, yana chumvi kidogo, kwa sababu ya mfereji hayaji kila siku. Mbolea ni samadi ya kuku. Mama mkwe anasema niache, kitu cheusi cha ukoo wa tunguja ni sumu. Jirani anasema ni mbegu za GMO, zile zilizobadilishwa jeni. Je, mbegu ni bandia, au vitu hivi havimei Mombasa?"*

Dada yangu, pole kwa kupandisha maji juu ya paa kila jioni. Mbegu zako si bandia, na ushahidi umeutoa mwenyewe: nyanya ya kawaida haiwi nyeusi mabegani, wala hoho ya kawaida haianzi maisha yake na zambarau. Kilichokupata ni mambo kadhaa tofauti kwa wakati mmoja, na kwa kuwa yote yanahusu rangi, yamejifanya jambo moja. Tuyatenganishe, maana moja ni ugonjwa, moja ni umri wa tunda tu, na yaliyobaki ni joto letu pamoja na ile neti.

Tuanze na nyanya. Chukua moja yenye weusi mabegani, ubandue kile kikonyo chenye vijani vilivyotanda juu yake. Chini yake utakuta nyota, umbo lile lile la vijani, ambayo haina weusi wowote ingawa ngozi iliyoizunguka inao. Nyota hiyo inakueleza kila kitu. Weusi wa Indigo Rose hutengenezwa na tunda pale tu mwanga unapoligusa. Sehemu iliyofunikwa, hata kwa kijani chembamba kama kile, haitengenezi kitu. Rangi yenyewe huitwa anthosianini. Ndiyo iliyomo kwenye ganda la biringani, na ndiyo inayowapaka watoto midomo msimu wa zambarau. Kwenye nyanya za aina hii inakaa kwenye ngozi peke yake, nyama ya ndani ni nyekundu, na mmea huitumia kama kinga dhidi ya jua kali. Ukiuondolea jua, unaona hauna haja ya kinga.

Kwa hiyo neti uliyoiweka kwa huruma ndiyo iliyoiba sehemu kubwa ya rangi yako. Lakini sitaki uiondoe ukidhani umemaliza, kwa sababu jua ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ubaridi. Anthosianini hutengenezwa vizuri usiku unapokuwa wa baridi kiasi. Joto likizidi, mmea unapunguza kuitengeneza, na hata ile iliyokwisha kutengenezwa inavunjika upesi zaidi. Mwanga Mombasa tunao wa kugawia watu. Baridi ya usiku ndiyo hatuna. Februari na Machi, kaskazi ikiwa inamalizia, mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku mara nyingi hauteremki chini ya 24. Picha uliyoiona kwenye pakiti ni ya nyanya iliyolelewa mahali ambapo usiku watu hujifunika blanketi.

Rangi ya machungwa nayo ina maelezo yake, na ni tofauti kabisa na habari ya weusi. Wekundu wa nyanya ni laikopeni. Tunda likipita nyuzi 30 hadi 32 hivi, utengenezaji wa laikopeni unazimika, lakini ile rangi ya manjano inayofanana na ya karoti inaendelea kutengenezwa. Ndiyo sababu hata nyanya za kawaida za bustani zetu huiva machungwa wakati wa kiangazi. Na tunda juu ya paa, ndani ya ndoo nyeusi, linapata joto kuliko hewa yenyewe.

Na maua kuanguka? Joto hilo hilo. Chavua ya nyanya huharibika usiku unapokaa juu ya nyuzi 21 hadi 24, na mchana unapopita 32. Ua linafunguka, halichavushwi vizuri, linadondoka. Watu wengi hapa huliona hilo wakakimbilia kunyunyizia dawa au kuongeza mbolea, na hakuna dawa ya jambo hilo. Samadi ya kuku ikizidi ndiyo inaongeza tabu: naitrojeni nyingi huzaa majani mengi ya kijani kizito, maua hayashiki, na anthosianini hupungua zaidi.

Sasa zile tatu zenye weusi kwa chini. Hizo, dada yangu, ziondoe kwenye mche. Weusi wa rangi huanzia juu, mabegani, upande wa jua, na ngozi yake ni laini yenye kung'aa. Weusi ulioanzia kitako, ukawa bapa, ukabonyea na kukauka kama ngozi, ni kuoza kitako. Hauambukizi kutoka tunda hadi tunda. Ni tunda lililokosa kalisiamu lilipokuwa changa, likijenga kuta zake. Utaambiwa ufukie maganda ya mayai. Hayatakusaidia haraka, na mara nyingi kalisiamu haikukosekana kwenye udongo. Sisi wa Pwani tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, chokaa tupu. Shida ni usafiri. Kalisiamu hupanda pamoja na maji kutoka mizizini, na maji hayo huvutwa zaidi na majani, kwa kuwa majani ndiyo yanayopumua unyevu kwa wingi. Tunda hupata kilichobaki. Ndoo ikikauka kabisa saa nane mchana halafu ikafurikishwa jioni, tunda linakosa zamu yake siku baada ya siku. Chumvi ya kisima inafanya mambo yawe mabaya zaidi, maana mizizi inashindwa kunyonya maji hata udongo ukiwa umelowa.

Hoho ni dhaifu kwa chumvi kuliko nyanya, hilo ulijue unapogawa maji. Maji ya mfereji yakija, au ya mvua uliyokinga, wape hoho kwanza. Kama huna ila ya kisima, mwagilia asubuhi badala ya jioni tu, na mara moja kwa juma mimina mengi hadi yatoke kwenye matundu ya chini ya ndoo, ili chumvi iliyojikusanya ioshwe. Kingo za majani zikianza kuungua na kuwa kahawia, chumvi imezidi. Samadi ya kuku nayo ina chumvi. Tumia iliyooza vizuri, ichanganywe na mboji, sehemu ndogo. Juu ya udongo tandaza majani makavu au makumbi ya nazi, lakini si yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba. Hayo yamejaa chumvi. Na ndoo zipake chokaa nyeupe kwa nje, au zivishe gunia jeupe, uziinue juu ya matofali zisikalie saruji ya moto. Kazi hii ya nusu saa huipa mizizi nafuu ambayo neti haiwezi kuitoa.

Hoho zako za zambarau hazikuharibika hata kidogo. Zambarau ya Purple Beauty ni rangi ya ujana. Tunda likiwa changa ngozi yake ina anthosianini juu, na chini yake kuna klorofili, ule ukijani wa majani. Zambarau ikilala juu ya kijani, jicho linaona karibu na weusi. Linapoiva, zote mbili huvunjwa na wekundu unachukua nafasi. Ukitaka hoho ya zambarau, ichume ikiwa imefika ukubwa wake, ngumu, inang'aa, kabla haijaonyesha mstari wowote mwekundu. Ukitaka tamu, iache iwe nyekundu. Huwezi kupata vyote viwili kwenye tunda moja.

Pia usiipeleke kwenye sufuria ukitarajia mchuzi wa zambarau. Anthosianini huyeyuka kwenye maji na hupotea kwa moto. Hoho itageuka kijani kilichofifia. Ikate mbichi kwenye kachumbari. Ukikamulia ndimu, zile kingo zilizokatwa zitaelekea wekundu, kwa sababu rangi hii hubadilika kufuata ukali. Ndani hoho ni nyeupe ya kijani, basi ikate vipande vyembamba vinavyoonyesha ganda.

Turudi kwenye swali lako kubwa, kama vitu hivi vinamea Mombasa. Vinamea, ila kalenda yako ilikuwa kinyume. Ulizilea nyanya zichanue kaskazi, msimu wa joto kuliko yote. Mimi ningezipanga ziive kwenye kipupwe, Julai hadi Septemba mwanzoni, kusi ikivuma, mchana ukiwa nyuzi 27 au 28 na usiku ukikaribia 21. Hatutafika blanketi, lakini tofauti hiyo inatosha maua kushika na mabega kupata rangi ya maana. Hoho huchelewa, kwa hiyo zisie katikati ya Machi. Nyanya zisie katikati ya Aprili. Kitalu kiwe chini ya baraza au paa la makuti, mvua ya masika isikipige, na uhamishe miche kuelekea mwisho wa Mei. Mvua ya Mei ikiwa bado nzito, subiri hata juma zima. Majani ya nyanya yaliyolowa mchana na usiku hushikwa na ukungu upesi sana.

Kuhusu neti, kwenye kipupwe sioni haja yake kwa nyanya hizi, isipokuwa wiki ya kwanza baada ya kuhamisha. Wakati wa joto tumia nyepesi, inayozuia kama theluthi ya mwanga, na itandaze izuie jua la saa sita hadi saa kumi tu. Jua la asubuhi liache liingie wazi. Ndilo lenye mwanga bila moto, na kwa rangi hii ndilo bora. Upande wa mashariki unaweza kupunguza majani mawili matatu yanayofunika kichala. Upande wa magharibi usiguse jani. Tunda likianikwa ghafla kwenye jua la alasiri hupata baka jeupe lililoungua, na tunda jeusi huvuta joto kuliko la kijani.

Kuna mbinu moja ambayo wakulima wa bustani ndogo hapa wanaisahau. Weusi wa Indigo Rose huingia tunda likiwa bado la kijani, mapema kabisa, lakini wekundu huja mwishoni. Basi viache vitu hivi viwili vifanyike mahali tofauti. Acha tunda lipate weusi wake mtini, juani. Kisha likigeuza kitako chake kutoka kijani kwenda wekundu hafifu, lichume, liivishe ndani ya nyumba, kivulini, penye hewa. Usilitie jokofuni. Huko ndani joto ni pungufu na laikopeni inapata nafasi, ukija kulikata unakuta nyama nyekundu na si ya machungwa. Nyanya hizi watu huzichuma mbichi kwa kudanganywa na weusi. Alama ya kuiva ni kitako kilichobadilika, ngozi iliyopoteza mng'ao, na tunda linalobonyea kidogo kwa kidole gumba.

Ungeniuliza nini ningepanda kwenye ndoo zako, nisingezijaza zote Indigo Rose. Kuna njia ya pili ya kupata tunda jeusi, isiyotegemea jua wala baridi. Nyanya kama Cherokee Purple, Black Krim na Black Cherry weusi wake, au tuseme kahawia yao ya kuelekea zambarau, unatokana na klorofili ambayo haikuvunjika tunda lilipoiva. Kijani kimebaki ndani, wekundu umekuja juu yake, na mchanganyiko ndio ule. Ukizikata, rangi imeingia hadi nyama. Kati ya hizo tatu, kwa Mombasa nakushauri Black Cherry. Zile mbili ni kubwa, na nyanya kubwa za aina ya zamani hukataa kushika kwenye joto. Ndogo huvumilia zaidi. Wekundu wake bado utafifia Machi, hilo halikwepeki, lakini kahawia utaipata.

Upande wa pilipili, njia hiyo hiyo ndiyo inayonipendeza zaidi: pilipili mbuzi ya kahawia. Inatoka kijani, inaiva rangi ya chokoleti, na inabaki hivyo hivyo. Pilipili kali hustahimili joto letu kuliko hoho, mche mmoja ukitunzwa unazaa kwa muda mrefu, na kwa achari haina mpinzani. Na kama unachokitaka hasa ni tunda jeusi linalong'aa bustanini bila wasiwasi, biringani anangoja. Ni ukoo ule ule, na joto la Pwani ni nyumbani kwake.

Mama mkwe mjibu kwa heshima, kwa sababu hofu yake ina msingi. Nyanya, pilipili, biringani na tunguja ni ukoo mmoja, na tunguja la porini kweli lina sumu. Lakini sumu za ukoo huu hazina rangi. Weusi haukuambii zipo wala hazipo. Nyanya mbichi ya rangi yoyote haifai kuliwa kwa wingi, iliyoiva haina neno. Mwambie pia, na wewe ujue, kwamba rangi hii si dawa ya sukari wala presha, hata wauzaji wakisema hivyo. Ni chakula kizuri. Mwenye dawa za daktari aendelee nazo, na mtu akitapika au kuumwa tumbo sana baada ya kula tunda asilolijua, apelekwe hospitali pamoja na kipande cha tunda hilo.

Jirani naye amechanganya nyanya mbili. Indigo Rose ilitolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2012, kwa kuzalisha kwa njia ya kawaida: nyanya za bustani zilizalishwa na ndugu zake wa porini wa Chile na visiwa vya Galápagos, chavua ya hii kwenye ua la ile, kizazi baada ya kizazi. Ipo nyanya nyingine ya zambarau iliyobadilishwa jeni, iliyofanyiwa kazi Uingereza kwa jeni za ua la bustani, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2022 na kuanza kuuzwa kwa wakulima wa nyumbani huko mwaka 2024. Hiyo ni zambarau hadi ndani. Kata nyanya yako: nyama ni nyekundu au ya machungwa, basi si hiyo.

Yapo mambo ambayo usiyatatue kwa kusoma. Mche ukinyauka ghafla mchana ukiwa bado kijani, na asubuhi haurudi, kata kipande cha shina karibu na udongo, ukitumbukize ncha yake kwenye gilasi ya maji masafi, ukitazame bila kukitikisa. Ikiteremka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mche na udongo wake, usiumwage bustanini, usipande nyanya, pilipili wala biringani kwenye udongo huo, na mtafute afisa kilimo wa kaunti au upeleke sampuli kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Mtwapa. Waulize pia kuhusu miche ya nyanya iliyobebeshwa kwenye mizizi ya biringani. Kwa mnyauko huo ni kinga nzuri kuliko dawa yoyote ya kunyunyizia. Majani yakijikunja na kudumaa, na ukitikisa mche wanaruka inzi weupe wadogo, nenda kwa afisa huyo mapema kabla hawajahamia ndoo nyingine.

Na kuhusu dada yako: mwombe asitume tena pakiti kwa posta bila kibali. Mbegu kuingia Kenya zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Ofisi ya KEPHIS ipo hapa hapa Mombasa. Si urasimu wa bure. Kuna virusi vya nyanya na pilipili vinavyosafiri kwenye ganda la mbegu, na vikishaingia havitoki.

Habari njema ni kwamba huzihitaji tena. Aina zako zote mbili si chotara, mbegu zake hurudi vile vile. Nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo kamua mbegu za tunda lililoiva, ziache kwenye maji yake siku mbili tatu hadi utando uachie, zioshe, zianike kivulini. Hoho huchavushwa na nyuki kutoka kwa pilipili za majirani. Tunda la sasa haliwi kali kwa sababu hiyo, lakini mbegu zake zinaweza kuzaa hoho kali mwakani, basi funga maua machache kwa kipande cha chandarua kabla hayajafunguka, na toa mbegu kwenye matunda hayo tu. Unapochagua, chagua mche uliostahimili joto na kuzaa vizuri, wala usihangaike kutafuta tunda lililo jeusi kuliko yote. Kwenye mche mmoja, tunda jeusi zaidi ni lile lililopata jua zaidi. Mbegu zake na za lile lililojificha chini ya majani ni sawasawa.